Pampu ikizimwa siku tatu, soko la maji huyumba wiki nzima

Taarifa za masoko hutaja bei ya gunia la mahindi, alizeti, vitunguu na kuku wa kienyeji, lakini ni nadra kutaja bei ya bidhaa ambayo bila hiyo biashara nyingine nyingi hazifunguliwi asubuhi. Bidhaa hiyo ni maji. Nayo ina ugavi wake, mahitaji yake, wachuuzi wake na walanguzi wake, na bei yake huweza kupanda mara kadhaa kwa siku moja pale mtambo wa kusukuma maji unapozimwa kwa matengenezo.

Jambo linalowachanganya walaji wengi ni kwamba bei hiyo haishuki siku pampu inapowashwa. Mtambo unanguruma, fundi amekwishaondoka na vifaa vyake, lakini bomba la mtaani bado ni kavu na dumu la lita 20 bado linauzwa kwa bei ya shida. Wengi huamini kuwa wamedanganywa. Mara nyingi hawakudanganywa. Wameelezwa nusu tu ya habari.

Issuna ni kata ya Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, iliyoko kwenye barabara kuu itokayo Manyoni kwenda Singida mjini, kiasi cha kilomita 60 kutoka mjini na pungufu kidogo ya hapo kutoka Manyoni. Ni eneo la wakulima na wafugaji katika mkoa unaojulikana kwa alizeti, asali na kuku wa kienyeji wanaosafirishwa hadi Dar es Salaam. Mkoa huo uko katika ukanda mkavu wa kati ya nchi, wenye msimu mmoja wa mvua unaoanza Novemba au Desemba na kumalizika kwenye Aprili, na mito yake mingi hukauka mara mvua zinapokatika. Maziwa mawili yaliyo Singida mjini, Singidani na Kindai, ni ya maji ya chumvi.

Kwa hiyo tegemeo kubwa la mkoa, mjini na vijijini, ni maji ya ardhini. Mji wa Singida wenyewe hupata maji kutoka visima virefu vya Mwankoko na Irao. Maji ya namna hiyo hayapandi yenyewe. Ni lazima yanyanyuliwe na pampu, na pampu ni mashine kama mashine nyingine. Huchakaa, huungua, na hutakiwa kusimamishwa ili itengenezwe.

Hesabu ya wiki moja

Ili kuelewa kwa nini shida huendelea baada ya matengenezo, chukulia mfano wa senta ya watu 4,000 yenye kisima kimoja kirefu. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kiwango cha chini cha lita 25 kwa mtu mmoja kwa siku, kutoka kituo kisichozidi umbali wa mita 400 na kisichohudumia watu zaidi ya 250. Kwa kiwango hicho, senta hiyo huhitaji lita 100,000 kwa siku, yaani madumu 5,000.

Tuseme pampu yake hutoa lita 15,000 kwa saa na huendeshwa saa nane kwa siku. Hiyo ni lita 120,000. Kwa siku za kawaida pana ziada ya lita 20,000, na kila mtu anaridhika.

Sasa pampu inazimwa kwa siku tatu. Siku ya kwanza watu hutumia maji yaliyomo katika tangi la mnarani. Siku ya pili tangi limekauka na mabomba yamekauka. Siku ya tatu ndoo, mapipa na madumu ya majumbani nayo ni matupu. Siku ya nne asubuhi pampu inawashwa, na hapo deni linaanza kulipwa: tangi la lita 50,000 linatakiwa kujazwa upya, na mabomba pamoja na vyombo vya majumbani vinahitaji, kwa makadirio, lita 30,000 nyingine. Jumla ni lita 80,000 juu ya matumizi ya kila siku.

Kwa ziada ya lita 20,000 kwa siku, deni hilo huchukua siku nne kumalizika. Siku tatu za kuzima pampu zimezaa siku nne za upungufu baada ya kuiwasha, na tangazo la siku tatu limegeuka wiki nzima.

Msimamizi angeweza kuendesha pampu saa 12 badala ya nane. Ziada ingefika lita 80,000 na deni lingelipwa kwa siku moja tu. Lakini hilo lina masharti matatu. La kwanza ni nishati: pampu ya umeme wa jua haiwezi kurefusha mchana, na pampu ya umeme wa gridi au dizeli huhitaji fedha za ziada siku zile zile ambazo mauzo yalikuwa sifuri. La pili ni kisima chenyewe, kwani kisima kikivutwa kupita uwezo wake maji hushuka chini ya pampu na pampu huzunguka kavu, jambo linaloweza kuiharibu tena. La tatu ni tangi, ambalo kama ni dogo haliwezi kupokea maji ya usiku yakisubiri wachotaji wa asubuhi.

Bomba tupu na hewa yake

Katika miji mikubwa hesabu ni hiyo hiyo, isipokuwa tarakimu zake ni kubwa zaidi. Bomba lenye kipenyo cha milimita 100 hubeba karibu lita 7,900 katika kila kilomita moja. Bomba la milimita 300 hubeba zaidi ya lita 70,000. Bomba kuu lenye kipenyo cha mita moja hubeba karibu lita 785,000 kwa kilomita, na likiwa na urefu wa kilomita 50 ni lita milioni 39 zinazotakiwa kuingia kabla ya tone la kwanza kutoka upande wa pili, endapo bomba lote lilikuwa tupu.

Aidha, bomba tupu si tupu kwa kweli. Limejaa hewa. Maji yanapoingia husukuma hewa hiyo mbele, nayo hujikusanya kwenye sehemu zilizoinuka na kuziba njia. Mafundi huweka vali za kutoa hewa katika vilele vya bomba kwa sababu hiyo. Vali hizo zikiwa zimeziba kwa kutu au zimeng'olewa na watu waliotaka kuchota hapo, mtaa wa mlimani unaweza kukosa maji siku kadhaa baada ya mtaa wa bondeni kupata. Hewa hiyo hiyo ikipita katika dira ya mteja huweza kuizungusha, na hapo ndipo malalamiko ya kulipia upepo yanapopata msingi wake.

Kuna suala la usafi pia. Msukumo unapotoweka, bomba lenye nyufa huweza kunyonya maji machafu kutoka udongoni badala ya kuvujisha maji safi nje. Msukumo unaporudi kwa nguvu, huchochea tope na kutu vilivyotulia chini ya bomba. Ndiyo maana maji ya saa za kwanza huwa na rangi ya udongo. Utaratibu unaokubalika ni kuyamwaga maji hayo kupitia vali za kusafishia, kuongeza klorini na kupima kabla ya kufungulia wateja. Mahali ambapo kazi hiyo inarukwa ili kuwahi kauli ya kwamba maji yamerudi, mlaji hulipia mara mbili: dumu lenyewe, na kuni au mkaa wa kuyachemsha.

Kishindo ndani ya bomba

Sehemu kubwa ya kupasuka kwa mabomba kunakotangazwa siku moja au mbili baada ya matengenezo haitokani na bahati mbaya. Maji yanayotembea mita moja kwa sekunde ndani ya bomba la chuma yakisimamishwa ghafla, hutoa kishindo chenye nguvu sawa na uzito wa mnara wa maji wenye urefu wa kama mita 100. Katika bomba la plastiki kishindo ni kidogo zaidi, lakini hata hicho chatosha kufungua kiungo kilichochoka.

Kishindo hicho hutokea pampu inapozimika kwa kukatika umeme, mwendesha mtambo anapofunga vali kwa haraka, au hewa iliyokwama inapotoka kwa mkupuo. Dawa yake ni polepole. Vali hufunguliwa kidogo kidogo, bomba hujazwa kwa mwendo wa chini, na eneo moja hufunguliwa baada ya jingine. Kwa maneno mengine, sehemu ya ucheleweshaji ambao walaji huulaumu ni kazi nzuri ya fundi. Anayejaza bomba kwa pupa ili kuwafurahisha watu leo, huwanyima maji kesho.

Nani hulipa tofauti

Ukizungumzia bei, soko la maji lina tabaka mbili. Tabaka la kwanza ni la bei rasmi, ile ya bili ya bombani au ya kituo cha kuchotea. Bei hiyo haibadiliki pampu inaposimama, kwa sababu wakati huo hakuna kinachouzwa. Tabaka la pili ni la mkokoteni, baiskeli, pikipiki na gari la maji. Hapo ndipo bei hupanga foleni na kupanda.

Tuseme dumu la lita 20 huuzwa kituoni kwa Sh. 50. Hiyo ni Sh. 2,500 kwa lita 1,000. Dumu hilo likiletwa kwa mkokoteni kutoka kisima cha mbali na kuuzwa Sh. 500, lita 1,000 zimefika Sh. 25,000. Mama lishe wa kando ya barabara anayetumia madumu kumi kwa siku kupika ugali, kuchemsha chai na kuosha vyombo ataona gharama yake ya maji ikitoka Sh. 500 hadi Sh. 5,000. Sahani ya wali haiwezi kupandishwa bei kwa siku saba na kushushwa siku ya nane. Dereva wa lori atasogea senta inayofuata. Tofauti yote hutoka katika faida ya mama lishe, na biashara ya namna hiyo haina faida nene.

Mwenye nyumba ya wageni aliyeweka tangi la lita 5,000 hauoni msukosuko huo kwa siku mbili za kwanza. Maji yanaporudi, tangi lake ndilo la kwanza kujaa iwapo yuko karibu na bomba kuu au ana pampu yake ndogo ya kuvutia. Mahitaji yaliyoahirishwa ya wenye matangi hunyonya maji ya siku za mwanzo, na mchotaji wa dumu hubaki mwisho wa foleni. Hali hiyo haihitaji mtu mwenye nia mbaya. Hutokana na utaratibu wa kufungua maji bila kupanga nani aanze.

Mfugaji naye ana hesabu yake. Ng'ombe mmoja hunywa kati ya lita 25 na 40 kwa siku kutegemea joto na malisho, yaani kiasi cha mtu mmoja wa kwenye sera au zaidi. Kundi la ng'ombe 20 ni sawa na kaya kadhaa. Kisima cha pampu kinapofungwa kiangazi, mifugo hupelekwa mbali, na ile iliyokuwa ipelekwe mnadani hufika imekonda. Bei ya mnyama aliyekonda haimsubiri fundi.

Somo la Ruvu

Dar es Salaam imeishi na tatizo hili kwa miongo mingi. Mji huo hutegemea hasa mitambo miwili ya Mto Ruvu: Ruvu Juu iliyoko Mlandizi, iliyojengwa mwaka 1959, na Ruvu Chini iliyoko upande wa Bagamoyo, iliyojengwa mwaka 1976. Yote miwili husukuma maji kwa makumi ya kilomita hadi matangi ya jiji. Mtambo mmoja ukizimwa, hakuna bomba la kutosha kuhamisha maji ya mwingine kwenda kila mtaa.

Historia ya usimamizi wake inaonyesha jinsi matengenezo yalivyokuwa yatima. Mamlaka ya Taifa ya Maji Mijini, NUWA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1981. Mwaka 1997 ikafuatiwa na DAWASA. Mwaka 2003 uendeshaji ulikabidhiwa kampuni binafsi ya City Water Services, na Mei 2005 serikali ikavunja mkataba huo, kazi ikapewa shirika la umma la DAWASCO. Mwaka 2018 DAWASCO na DAWASA ziliunganishwa. Majina yalibadilika mara nyingi. Pampu na mabomba yalikuwa yale yale kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho.

Mabadiliko ya kweli katika ugavi yalikuja pale fedha zilipoelekezwa kwenye mitambo yenyewe. Ruvu Chini ilipanuliwa kutoka kiasi cha lita milioni 180 hadi lita milioni 270 kwa siku kwa msaada wa Marekani kupitia mfuko wa Changamoto za Milenia, na Ruvu Juu kutoka lita milioni 82 hadi lita milioni 196 kwa mkopo wa India. Hata baada ya upanuzi huo, mvua zilipochelewa mwaka 2022 mto ulipungua na jiji likarudi kwenye mgawo mwezi Oktoba. Pampu kubwa haiumbi maji. Lakini pale maji yanapokuwepo, uwezo wa ziada wa mtambo ndio unaoamua kama siku moja ya matengenezo itagharimu siku moja au nne.

Si kila mji una mzigo huo. Nairobi hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka Bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994, kupitia mtambo wa kusafisha wa Ng'ethu, na maji huteremka kwa mwinuko wa ardhi. Mombasa huletewa maji ya Chemchemi za Mzima kwa bomba lililojengwa miaka ya 1950, nayo huteremka. Miji hiyo ina shida zake nyingine, lakini mteremko hauungui mota. Singida haina zawadi hiyo ya maumbile, kwa hiyo bajeti yake ya pampu haipaswi kuwa jambo la kukumbukwa mwishoni.

Ziwa Victoria na bomba refu

Mjadala wa maji katika Kanda ya Kati sasa hugusa pia Ziwa Victoria. Mradi wa Kahama na Shinyanga, uliozinduliwa mwaka 2009, huvuta maji Ihelele, wilayani Misungwi, huyapandisha kwenye tangi la Mlima Mabale, kisha huyateremsha. Baadaye bomba lilirefushwa kwenda Nzega, Igunga na Tabora, na mradi mwingine ukayafikisha Shelui, wilayani Iramba, ndani ya Mkoa wa Singida.

Kwa mfanyabiashara wa Ikungi, habari hiyo ni njema na ina onyo ndani yake. Ziwa halikauki kama kisima kidogo. Lakini kadiri bomba linavyokuwa refu, ndivyo matengenezo ya siku moja kwenye chanzo yanavyochukua muda zaidi kufika na kuondoka mwisho wa bomba. Senta iliyo mwisho wa mtandao ndiyo inayokauka kwa muda mrefu na kujazwa mwisho. Visima vilivyopo havifai kutelekezwa siku bomba kubwa litakapofika. Ndivyo ghala la akiba.

Uchakavu hulipwa kwa yuniti

Baadhi ya wasimamizi huahirisha matengenezo kwa hoja kuwa kuzima pampu ni kupoteza mauzo. Hoja hiyo husahau mita ya umeme. Kunyanyua lita 1,000 kwa kimo cha mita 100, kama kusingekuwa na upotevu wowote, huhitaji yuniti 0.27. Pampu yenye ufanisi wa asilimia 50 hutumia kama yuniti 0.55. Pampu hiyo hiyo ikichakaa kwa mchanga hadi ufanisi wa asilimia 35, hutumia karibu yuniti 0.78.

Kwa lita 100,000 za kila siku, tofauti ni yuniti 23, au karibu yuniti 700 kwa mwezi. Fedha hizo hununua upepo. Zingewekwa pembeni, zingenunua beringi, sili na vipuri vingine kabla mota haijaungua.

Na mota ikiungua, gharama huwa nyingine kabisa. Pampu ya kuzamisha iliyoko mita 100 chini ya ardhi hutolewa kwa kunyanyua bomba zima, kipande baada ya kipande. Kwa vipande vya mita tatu ni zaidi ya 30, vyote vikifunguliwa na kufungwa tena, huku kebo ikilindwa isichubuke. Fundi hutoka mjini, pampu mpya hutoka mbali zaidi, na bei ya kununua kwa haraka haina maelewano. Matengenezo yaliyopangwa huchagua siku; pampu iliyoungua huchagua yenyewe, na mara nyingi huchagua Septemba au Oktoba, wakati wa joto na foleni ndefu, ikiwa imefanya kazi mchana na usiku. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Shilingi tano ya kila dumu

Mwaka 1971 nchi ilijiwekea lengo la kufikisha maji ndani ya mita 400 kwa kila mwananchi wa kijijini katika miaka 20. Mwaka 1991 ulifika lengo halijatimia, na miongoni mwa sababu ni kwamba miradi ilijengwa bila mfuko wa kuitunza. Pampu nyingi zilikufa kwa kukosa mafuta na vipuri. Sera ya 2002 ikaweka jukumu la gharama za uendeshaji na matengenezo mikononi mwa watumiaji. Sheria ya mwaka 2019 ikaanzisha Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, na vyombo vya watoa huduma ngazi ya jamii ambavyo huuza maji, hukusanya fedha na kulipa waendesha mitambo.

Kwa hiyo swali la Issuna na senta zinazofanana nayo ni la kimahesabu. Katika mfano wetu wa madumu 5,000 kwa siku, kutenga Sh. 5 kwa kila dumu ni Sh. 25,000 kwa siku na zaidi ya Sh. milioni 9 kwa mwaka. Hata kama nusu ya madumu hayakulipiwa kutokana na uvujaji na misamaha, zaidi ya Sh. milioni 4.5 hubaki. Fedha hiyo ikiwekwa katika akaunti yake, isiyochanganywa na posho za vikao, huipa senta uwezo wa kuwa na pampu ya akiba stoo au walau fundi na vipuri vyenye mkataba.

Mnunuzi atauliza kwa nini aongezewe mzigo. Jibu liko katika hesabu ya mama lishe: wiki moja ya dumu la Sh. 500 humgharimu Sh. 31,500 zaidi ya kawaida. Shilingi tano ya kila dumu, kwa madumu kumi kwa siku, ni Sh. 18,250 kwa mwaka mzima. Wiki moja iliyoepukwa hulipa mchango wa mwaka na kubakiza chenji.

Sharti lake ni uwazi. Salio la mfuko libandikwe kituoni kila mwezi, karibu na bei ya dumu, ili kila mchotaji alisome. Watu hawakatai kuchangia pampu. Hukataa kuchangia wasichokiona.

Tangazo lenye saa mbili

Jambo la pili halihitaji fedha nyingi. Matangazo mengi ya kuzima mitambo hutaja saa ya kuzima na saa ya kuwasha. Mlaji huhitaji saa ya tatu, ile ya maji kufika kwake. Tangazo likisema pampu itawashwa Jumatano saa kumi na mbili asubuhi, mtaa wa bondeni utarajie maji siku hiyo jioni, na mtaa wa mlimani Ijumaa, mfanyabiashara ataweza kupanga. Asipoelezwa, atanunua maji mengi kupita kiasi siku ya kwanza, na ununuzi huo wa hofu ndio unaompa mlanguzi nafasi ya kupandisha bei kabla hata ya pampu kuzimwa.

Jambo la tatu ni mpangilio wa kufungua. Vituo vya kuchotea vya umma, zahanati na shule zifunguliwe kwanza, kisha miunganisho ya majumbani, na wenye matangi makubwa wapewe zamu ya usiku. Utaratibu huo hugawa upungufu ule ule kwa haki zaidi bila kuongeza hata lita moja.

Kwa upande wa wafanyabiashara, busara ni kuihesabu akiba ya maji kama bidhaa nyingine ya stoo. Mama lishe anayetumia lita 200 kwa siku anahitaji lita 1,400 ili kuvuka wiki, na kama hawezi kununua tangi peke yake, wanne wanaweza kuchanga. Mwenye mashine, mwenye nyumba ya wageni na mfugaji wapige hesabu ya siku saba, si ya siku tatu zilizotangazwa. Na kabla ya kiangazi kuanza, kila mmoja ana haki ya kufika kwenye mkutano wa chombo cha maji cha kijiji na kuuliza maswali mawili: pampu ilifanyiwa ukaguzi lini mara ya mwisho, na mfuko wa matengenezo una shilingi ngapi.